Mbolea nimeongeza, viazi vimepungua: tatizo liko wapi?

Swali: "Naishi Umoja hapa Nairobi, lakini shamba letu la viazi, ekari moja, liko Kinangop Kusini. Mama ndiye msimamizi, akisaidiwa na kijana mmoja. Tumepanda viazi aina ya Shangi misimu minne mfululizo, palepale. Msimu wa kwanza tulipata magunia 70, kisha 66, kisha 58, na huu uliopita 48, tukauza 1,600 kila gunia. Mbolea nimekuwa nikiongeza: nilianza na mifuko miwili ya DAP, sasa natumia mitano. Dawa tunapiga mara tatu kwa msimu. Mbegu ni zetu wenyewe, tunabakiza vile viazi vidogo ambavyo wanunuzi hukataa. Msimu uliopita kuna mimea iliyonyauka hapa na pale, na mwenye agroveti akaniuzia dawa ya mnyauko pamoja na mbolea ya kupuliza kwenye majani. Anasema shamba limechoka. Niliulizia mbegu iliyothibitishwa, nikaambiwa 3,500 kwa gunia la kilo 50, nikaona huo ni wizi. Rafiki ananishauri ninunue viazi vizuri vya Meru pale Marikiti nikapande. Jirani yetu anavuna 110 kwenye ekari kama yetu. Je, niongeze pembejeo gani? Au niachane na viazi?"

Jibu: Usiachane na viazi bado, na tafadhali usiongeze mbolea. Kama nimekuelewa, unachouliza ni hiki: kwa nini pesa zinazoingia shambani zinapanda na magunia yanayotoka yanashuka? Jawabu langu, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kwamba mbegu yenu inaugua na kila msimu mnaichagua ile inayougua zaidi. Mbolea haitibu mbegu.

Lakini kabla sijaendelea kuna jambo hukuniambia: gunia lako lina kilo ngapi? Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka viazi vifungwe kwa kilo 50, lakini wewe na mimi tunajua mukorino, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, bado anatembea barabarani akiwa amevishwa kilemba chake. Kama msimu wa kwanza mlipima kilo 50 na msimu uliopita broka akaja na magunia yaliyoongezwa kichwa hadi kilo 70, basi magunia 48 ni kilo 3,360, na magunia 70 ya mwanzo ni kilo 3,500. Hapo shamba halijaanguka, mmeibiwa tu kwenye mizani. Muulize mama. Vilevile, kabla ya kujipima na jirani, hakikisha gunia lake na lako ni moja, na kwamba ekari yake ni ekari kweli. Ekari ni mita za mraba 4,047, na nimeona mashamba mengi ya "ekari" yaliyopimwa kwa macho tangu enzi za babu.

Nitachukulia kwamba magunia yote ni ya kilo 50. Basi mlivuna kilo 2,400 kwa ekari, karibu tani sita kwa hekta. Wakulima wadogo wengi nchini huvuna tani saba hadi kumi kwa hekta, kwa hiyo mko chini kidogo ya wengi. Zao hilihili, likipewa mbegu safi na matunzo, hufika tani 30 kwa hekta na zaidi katika nyanda zetu za juu. Jirani yako na tani zake 13 na nusu hivi hafanyi muujiza wowote.

Sasa tuje kwenye mbegu. Mahindi huzaliwa upya kila msimu kutokana na punje, na magonjwa mengi ya mmea mama hayapiti kwenye punje hiyo. Kiazi hakizaliwi upya. Kiazi unachopanda ni kipande cha mmea wa jana: kama mmea ule ulikuwa na virusi, kiazi kina virusi, kama mshipa wake ulikuwa na bakteria wa mnyauko, bakteria wamo ndani wakisubiri. Virusi hivyo husambazwa na vidukari wadogo wanaofyonza majani, na baadhi hupita kwa kugusana, kwa nguo na majembe. Mmea ulioambukizwa si lazima ufe. Mara nyingi unasinyaa kidogo tu, majani yanajikunja au kuwa na madoa ya rangi hafifu, na chini yake unazaa viazi vichache na vidogo.

Hapo kwenye neno "vidogo" ndipo penye shida yenu. Mnapovuna, vikubwa vinakwenda sokoni na vya wastani vinakwenda jikoni. Vidogo vinabaki kuwa mbegu. Lakini katika rundo lile, vidogo vingi vimetoka wapi? Mmea wenye afya huzaa vikubwa vingi na vidogo vichache. Mmea mgonjwa huzaa vidogo karibu vyote. Kwa hiyo ukichukua vidogo kutoka kwenye rundo, bila kukusudia umechukua watoto wa mimea migonjwa kwa wingi kuliko idadi yao shambani. Rudia hivyo misimu minne. Sabini, sitini na sita, hamsini na nane, arobaini na nane: mteremko huo hasa ndio ninaoutarajia kwa mbegu inayochaguliwa namna hii, na ndio wazee huko wanaouita mbegu kuzeeka. Wako sahihi kuliko mwenye agroveti wako.

Hapo sisemi kiazi kidogo ni kibaya kwa sababu ya udogo wake. Kiazi cha ukubwa wa yai la kuku kilichotoka kwenye mmea mzuri ni mbegu safi kabisa. Shida ni kutojua kilitoka kwenye mmea gani.

Ushauri wa rafiki yako kuhusu Marikiti hauepuki tatizo hili, unalikuza. Kiazi kinachong'aa sokoni hakikuambii kitu kuhusu virusi. Hata mnyauko unaweza kujificha: kwenye sehemu za baridi mmea unaweza kubeba bakteria bila kunyauka, viazi vyake vikaonekana safi, halafu ukivipanda mahali penye joto kidogo shamba linaanguka. Tena viazi vya sokoni vinakuja na udongo wa shamba usilolijua. Mwaka 2015 Kenya iliripoti kwa mara ya kwanza nematodi wa sisti wa viazi, minyoo wadogo sana wa mizizi, na waliripotiwa katika kaunti yenu ya Nyandarua. Mayai yao hukaa udongoni miaka mingi ndani ya vifuko vigumu vidogo kama kichwa cha pini, na husafiri kwa mbegu, magunia, viatu na majembe yenye udongo. Viazi vya Marikiti ni vya chipsi, mkavile.

Sasa ile mimea iliyonyauka, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua mengine yote. Msimu ukiwa shambani, mwambie kijana atafute mmea ulioanza kunyauka ilhali majani bado ni ya kijani na udongo una maji. Akate shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, akining'inize ndani ya glasi ya maji safi yaliyotulia. Dakika chache baadaye, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina. Kata na kiazi cha mmea huo pia: mara nyingi kuna pete ya kahawia na ute unaotoka ukikibana, na udongo hung'ang'ania kwenye macho yake. Kama maji yamebaki safi, huenda ni kitu kingine, kwa mfano mizizi kuoza kwa maji. Kinangop mahali pengi pana tabaka la mfinyanzi chini ya udongo wa juu, na mvua ikizidi maji hutuama hapo. Dawa ya hilo ni matuta marefu na mifereji.

Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, hakuna dawa ya kupuliza wala ya kumwagia inayouponya. Nasema hivi bila kupunguza makali kwa sababu wakulima wanapoteza pesa nyingi hapa. Bakteria wako ndani ya mishipa ya mmea na ndani ya udongo, kemikali ya dukani haiwafikii. Kinachosaidia ni kung'oa mmea mgonjwa pamoja na viazi vyake na udongo unaouzunguka, kuutoa shambani, na kuufukia mbali na njia ya maji. Usiutupe kwenye lundo la samadi, maana mtakuja kuurudisha wenyewe mkidhani mnarutubisha. Majembe yaoshwe kwa maji yenye jiki baada ya kazi. Na sehemu ile isipandwe viazi, nyanya, biringanya, pilipili wala managu kwa misimu kadhaa, kwa kuwa hizo zote ni ukoo mmoja. Pandeni kabichi, karoti, minji, mahindi au majani ya ng'ombe, na msiache viazi mlivyosahau ardhini vikachipua katikati ya kabichi. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyovuka msimu watu wakidhani wamebadilisha zao.

Hata kama hakuna mnyauko, misimu minne ya viazi palepale ni mingi mno. Najua ni kwa nini mmefanya hivyo. Ekari ni moja, Shangi huchipua haraka baada ya kuvunwa kwa hiyo inakubali kupandwa tena mvua inayofuata, na soko la Nairobi linaitaka kwa sababu inaiva upesi. Lakini gaweni ekari hiyo. Robo tatu kwa mazao mengine na robo moja viazi, mkizunguka, huenda ikawapa pesa zaidi ya ekari nzima ya viazi vinavyougua.

Kuhusu mbolea, nianze na kile ambacho kiazi kinachukua. Kila tani ya viazi inayotoka shambani huondoka na karibu kilo nne za potasiamu, kilo tatu za naitrojeni na nusu kilo tu ya fosforasi. Sasa soma mfuko wa DAP: 18:46:0. Namba ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potashi, na hapo kuna sifuri. Mmekuwa mkiongeza kwa wingi kile ambacho kiazi kinabeba kidogo, na kile kinachobebwa kwa wingi hamjakirudisha hata mara moja kwa mfuko. Sikuambii fosforasi haina kazi. Mizizi ya viazi ni mifupi na mivivu kuitafuta, na udongo wenye asidi huikamata pamoja na madini ya chuma na alumini, kwa hiyo ni lazima uweke zaidi ya inayotoka. Ushauri wa kawaida nchini umekuwa mifuko minne ya DAP kwa ekari. Ulipofika minne ulikuwa umefika. Wa tano ni wa kujifariji.

Tena DAP nyingi, msimu baada ya msimu, huongeza asidi. Naitrojeni yake iko katika umbo la amonia, na vijidudu vya udongo vinapoibadilisha ili mmea uitumie, asidi hubaki nyuma. Asidi ikizidi, ile fosforasi uliyolipia inazidi kukamatwa. Hapo ndipo kuna ukweli kidogo katika maneno ya "shamba limechoka". Lakini usikimbilie chokaa. Viazi huvumilia asidi kiasi, pH (kipimo cha asidi) ya 5 hadi 6 inavifaa, na ukimwaga chokaa kwa kukisia hadi udongo ukapanda sana, ugonjwa wa upele wa ngozi ya kiazi hujitokeza na soko hukataa.

Kwa hiyo pima udongo. Wewe uko Nairobi, na maabara ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, iko Kabete, kando ya Waiyaki Way. Mwambie kijana apite shambani kwa mwendo wa kukatakata kona, achukue udongo mahali kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, auchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha akutumie nusu kilo tu ya mchanganyiko huo. Asichukue chini ya mti, wala palipokuwa na boma la ng'ombe, wala pale mlipomwaga mbolea juzi. Ni afadhali kulipia kipimo kuliko kulipia mfuko mmoja wa mbolea usiouhitaji.

Mpaka majibu yatoke, kama mvua imekukuta, ningepunguza DAP hadi mifuko miwili na kuweka mifuko miwili ya NPK 17:17:17, ili kuwe na potasiamu. Mbolea hiyo ichanganywe na udongo ndani ya mfereji kabla ya kuweka mbegu. Ikigusana na chipukizi inaliunguza, na mama ataona mapengo kwenye mstari akadhani ni panya. Samadi iliyooza vizuri iongezeni kadiri mliyo nayo. Samadi mbichi iacheni kwanza. Mbolea ya ruzuku ya serikali ilishushwa hadi 2,500 kwa mfuko mwaka 2023, kwa hiyo hakikisha mama amesajiliwa kabla ya kununua dukani. Mkumbuke pia kashfa ya mbolea bandia ya mwaka 2024: fungua mfuko mbele ya muuzaji, uangalie, na uweke risiti.

Ile ya kupuliza kwenye majani sina mengi ya kusema juu yake. Jani haliwezi kunywa makumi ya kilo za naitrojeni na potasiamu. Inafaa kurekebisha upungufu wa madini yanayotakiwa kwa uchache, na upungufu huo uwe umepimwa. Kwako sasa ni maji ya bei ghali.

Dawa za baka pia nizipitie haraka. Ule ugonjwa ambao watu husema viazi vimechomwa na baridi, madoa meusi yanayoonekana kuloweka maji na ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, si baridi. Ni bakajani chelewa, inasababishwa na vimelea wanaopenda unyevu na ubaridi, na Shangi haina kinga nayo. Hivyo "mara tatu kwa msimu" hainiambii kitu. Mara tatu katika kiangazi inaweza kuwa nyingi, na mara tatu katika mvua ya Aprili na Mei ya Kinangop ni kidogo mno. Dawa ya kinga kama mankozebu hufanya kazi kabla ugonjwa haujaingia, ikikaa juu ya jani, na jani jipya linalochipua baada ya kupuliza halina kinga. Mvua ikiwa ya kila siku, rudia kila siku saba hadi kumi. Ugonjwa ukiwa karibu tumia inayoingia ndani ya jani, na ubadilishe aina, usishikilie moja msimu mzima. Pampu ielekezwe chini ya majani pia, na kipimo cha kibandiko kifuatwe: kijana akiongeza maji ili dawa "ifike", haifiki. Na mnunulie barakoa na glovu.

Turudi kwenye ule "wizi" wa 3,500. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo inataka magunia kama 16 ya mbegu. Hiyo ni shilingi 56,000. Kwa bei uliyouzia ya 1,600, unahitaji magunia 35 ya ziada ili kuzirudisha, yaani kutoka 48 hadi 83. Kwa mbegu safi kwenye udongo usio na mnyauko hilo linawezekana, na mbegu hiyo unaweza kuirudia misimu mitatu kabla haijachoka, mradi uichague vizuri. Lakini sitakudanganya kwamba ni hakika. Mvua ikikataa, au bei ikianguka kama inavyoanguka kila Nyandarua na Meru zinapovuna pamoja, utakuwa na deni la mbegu. Na kama kipimo cha glasi kilionyesha nyuzi nyeupe, kupanda mbegu ya 56,000 kwenye udongo ule ni kuzimwaga.

Mimi ningefanya hivi. Nunua magunia manne tu, shilingi 14,000, upande robo ekari, kwenye sehemu ambayo haijaona viazi kwa muda. Kama mama ana kipande kilichokuwa cha majani ya ng'ombe, ndicho hicho. Robo hiyo iwe shamba la mbegu, isichanganywe na viazi vingine. Ikikupa magunia 25, kisha nusu yake ikawa ya ukubwa wa mbegu, tayari una mbegu ya karibu robo tatu ya ekari, na kilichobaki unauza. Siku hizi pia kuna miche ya viazi, vipandikizi vya ncha vilivyooteshwa mizizi kutoka kwenye mimea safi ya maabara. Kila mche huzaa viazi kadhaa vya mbegu. Ni njia nzuri kwa anayetaka kuanzisha mbegu yake kidogokidogo, lakini inataka maji ya kumwagilia siku za mwanzo. Kama hakuna bomba au kisima karibu, iache.

Na hata usiponunua gunia moja, kuna jambo la bure ambalo mama anaweza kulianza msimu huu. Viazi vikiwa vinatoa maua, kabla majani hayajaanza kuzeeka, apite shambani na vijiti. Achomeke kijiti kwenye kila mmea mkubwa, wenye mashina mengi, majani ya kijani yasiyojikunja, bila madoa. Apite tena baada ya wiki mbili, na mmea wowote uliougua apokonye kijiti chake. Siku ya kuvuna, mimea yenye vijiti ing'olewe kwanza, mmoja mmoja, na ule uliozaa vizuri ndio unaotoa mbegu, vya ukubwa wa yai na zaidi kidogo. Utafiti uliofanywa na wakulima wa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha njia hii ikiongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 34 ukilinganisha na uchaguzi wa kawaida wa wakulima. Haiondoi virusi vyote, na haifai kabisa shamba likiwa na mnyauko, kwa sababu mmea mzuri wa machoni unaweza kubeba bakteria kimya. Lakini kwa gharama ya vijiti, sijui pembejeo inayoishinda.

Baada ya kuvuna, mbegu isiwekwe ndani ya gunia kwenye giza. Shangi huko itatoa chipukizi ndefu nyeupe, mtazivunja mkipanda, na kiazi kitachipua tena kikiwa kimechoka. Itandazwe kwenye chaga, tabaka mbili au tatu, mahali penye mwanga hafifu usio wa jua, hewa ikipita. Chipukizi zitakuwa fupi, ngumu na za kijani au zambarau. Kiazi chenye chipukizi nne au tano za namna hiyo huota mashina mengi, na wingi wa mashina ndio wingi wa viazi. Kiazi cha chipukizi moja hukupa shina moja, hata ukakimwagia mfuko mzima.

Jambo dogo la mwisho kuhusu magunia yako: muulize mama walivuna siku ya ngapi. Shangi inataka karibu miezi mitatu, na wiki za mwisho ndizo kiazi hunenepa. Kama broka alikuja na lori mapema na bei ikawa tamu, mkachimba kabla ya wakati, sehemu ya ule upungufu iliachwa ardhini.

Msaada wa ana kwa ana utafute mapema katika hali tatu. Ya kwanza, nyuzi nyeupe zikionekana kwenye glasi. Ya pili, mkiona viraka vya mimea iliyodumaa na, mkiing'oa wakati wa maua, vishanga vidogo vyeupe au vya manjano kwenye mizizi. Ya tatu, mkibadilisha mbegu na mavuno yasipande. Anza na afisa wa kilimo wa wadi, ambaye anafika shambani. Mkiona vishanga, usibebe udongo wala mizizi kuzunguka navyo; zungumza na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, makao yao yako Karen, wakuelekeze namna ya kufunga sampuli. Kwa mbegu, kituo cha KALRO Tigoni kiko Limuru, si mbali na wewe, na ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, huko Molo huzalisha mbegu pia. Agiza miezi kadhaa kabla ya mvua, maana mbegu iliyothibitishwa ni chache kuliko wanaoitafuta, na ukifika wiki ya kupanda utauziwa viazi vya kula vilivyotiwa kwenye gunia jipya. Mbegu halali ina kibandiko cha KEPHIS kwenye gunia, chenye jina la aina na namba ya fungu. Isipokuwa nacho, rudi nyumbani na 14,000 zako.